Kabla Malaki hajawa nabii wa zaka

Jogoo alikuwa na chongo. Halikuwa jambo la kuficha, maana kijana aliyemshika alimwinua juu kabisa ili watu wa nyuma wamwone, naye jogoo akawa anageuza kichwa upande mmoja tu, ule wenye jicho. Ilikuwa Jumapili ya mavuno katika kanisa moja hapa Mandewa. Ibada imekwisha, tumetoka nje kwenye mnada, na upepo wa Singida wa mwezi wa saba unapeperusha vitenge na vumbi kwa pamoja. Chini ya mti yamepangwa magunia ya alizeti, madebe ya mtama na uwele, vitunguu, maboga, chupa za asali, na kuku wa kienyeji waliofungwa miguu kwa vipande vya katani. Dalali wa siku hiyo, mwanakwaya mwenye sauti yake, akanadi: "Elfu nane! Jamani, jogoo wa Bwana aondoke kwa elfu nane?"

Mzee wa kanisa aliyekaa karibu nami akacheka chinichini. "Mwandishi," akaniambia, "leo tumehubiriwa Malaki. Sasa Malaki mwenyewe angekuwapo hapa, huyu jogoo angerudishwa nyumbani."

Alisema kweli. Mahubiri yalitoka Malaki sura ya tatu, zile aya za zaka, ghala na madirisha ya mbinguni ambazo muumini yeyote wa nchi hii anaweza kuzisema usingizini. Lakini katika sura ya kwanza nabii huyohuyo anawakemea makuhani kwa kupokea wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, na anawauliza kama wangethubutu kumpelekea mtawala wao zawadi ya namna hiyo. Aya tatu mbele anatoa neno lililobadilisha historia ya ibada duniani. Kwa maneno yangu mwenyewe: Mungu anasema jina lake ni kuu kati ya mataifa, kutoka jua linakochomoza hadi linakozama, na kila mahali anafukiziwa uvumba na kutolewa sadaka iliyo safi.

Kila mahali. Sisi hatushtuki, tumezoea. Lakini msikilizaji wa Yerusalemu wa karne ya tano kabla ya Kristo alijua kwamba Torati, katika Kumbukumbu sura ya 12, inaruhusu sadaka mahali pamoja tu, pale Mungu atakapopachagua. Nabii anasema nini hasa? Anawasifu watu wa mataifa? Anatabiri? Anawatia makuhani aibu kwa kutia chumvi? Wataalamu wa Kiebrania wanalijadili mpaka leo. Wakristo wa mwanzo hawakujadili sana. Ukiacha ile aya ya mjumbe, ambayo Injili zinampa Yohana Mbatizaji, hii ndiyo waliyoikumbatia katika kitabu cha Malaki, na waliitumia kama mtu anavyotumia hati ya kusafiria.

Ili kuona walivyoitumia, lazima kwanza tujue manabii waligombana na nini. Hawakuwa wageni wa hekalu. Yeremia alizaliwa katika ukoo wa makuhani wa Anathothi. Ezekieli alikuwa kuhani. Hata hivyo, Amosi, mfugaji wa Tekoa, alikwenda hadi patakatifu pa Betheli akatangaza kwamba Mungu amechoka na sikukuu zao na makelele ya nyimbo zao. Hosea akasema Mungu anataka huruma kuliko dhabihu. Isaya akasema mikono inayoinuliwa kuomba imejaa damu. Yeremia akasimama langoni mwa hekalu lenyewe, mbele ya watu walioamini kwamba jengo lile ni kinga yao, akawaambia waende Shilo wakatazame Mungu alivyopafanya mahali pake pa zamani. Nusura wamuue. Wababeli walipoliteketeza hekalu mwaka 586 KK, maneno yake yakapata uzito ambao hakuna aliyeutaka. Hekalu la pili likakamilika mwaka 515 KK, manabii Hagai na Zekaria wakiwahimiza wajenzi. Malaki alikuja baada yao, moto ule ulipokwisha kupoa.

Ugomvi huo wote ulikuwa wa ndani ya nyumba. Mama akimsema mwanawe jikoni, humsema kwa sababu ni wake. Jirani akiyaokota maneno yale na kwenda kuyapaza barabarani, maneno ni yaleyale, lakini hayana tena maana ileile. Nitalirudia hili, maana ndipo historia hii inapouma.

Wafuasi wa kwanza wa Yesu hawakuwa majirani. Walikuwa wana wa nyumba ile. Yesu alipopindua meza za wabadili fedha, Injili zinaonyesha akiwaunganisha manabii wawili katika pumzi moja: Isaya 56, kuhusu nyumba ya sala, na Yeremia 7, kuhusu pango la wanyang'anyi. Marko peke yake ndiye aliyebakiza maneno ya Isaya kwamba nyumba hiyo ni ya mataifa yote. Mathayo na Luka wameyaacha. Lakini baada ya hapo mitume hawakulihama hekalu. Matendo ya Mitume inatuambia Petro na Yohana walipanda hekaluni saa tisa, saa ya kusali. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo hapo: saa yao ya tisa ni saa tisa yetu ya alasiri, kwa sababu wao na sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Hata Paulo, miaka mingi baadaye, alikamatwa akiwa hekaluni, amekwenda kukamilisha siku za utakaso. Aliyepasua ukimya alikuwa Stefano. Mbele ya baraza alitaja Amosi 5 na Isaya 66, ile inayosema mbingu ni kiti cha enzi na dunia ni pa kuwekea miguu, akauliza nyumba gani ya mikono itamtosha Mungu. Walimtoa nje ya mji wakampiga mawe.

Kisha anatokea Mwafrika. Kitabu hicho hicho cha Matendo, sura ya nane, kinamleta towashi wa Kushi, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa nchi iliyokuwa na makao yake Meroe, katika Sudan ya leo. Ametoka Yerusalemu kuabudu, yumo garini anasoma kwa sauti. Tunakumbuka alikuwa anasoma Isaya 53, habari za kondoo apelekwaye machinjoni, na tunaishia hapo. Lakini safari yake ilikuwa na uchungu ambao wahubiri wetu huupita haraka. Torati, katika Kumbukumbu 23, inamzuia towashi kuingia katika kusanyiko la Bwana. Kama sheria hiyo ilifuatwa siku ile, mtu huyu alisafiri majuma kwa majuma akaishia uani. Na angeendelea kukunjua gombo lake, sura tatu tu mbele ya pale alipokuwa, angekuta Isaya 56, ambamo Mungu anawaahidi matowashi nafasi ndani ya nyumba yake na ndani ya kuta zake, na jina lililo bora kuliko wana na mabinti. Ni sura ileile aliyoitaja Yesu alipopindua meza. Luka hatuambii kama alifika. Mimi huwa napenda kuamini alifika, maana gari lilikuwa linakwenda polepole na njia ya Gaza ni ndefu.

Jambo la pili la kushangaza liko katika sura ya 15 ya Matendo, kwenye kikao cha Yerusalemu. Swali lilikuwa kama watu wa mataifa wanaweza kuingia bila kutahiriwa. Yakobo akasimama akamtaja Amosi: Mungu atakijenga tena kibanda cha Daudi kilichoanguka. Kwa Kiebrania, Amosi anaendelea kusema kwamba Israeli watamiliki mabaki ya Edomu, yaani adui jirani. Lakini Yakobo anaisema kama ilivyo katika tafsiri ya Kiyunani iliyofanywa na Wayahudi wenyewe kabla ya Ukristo: mabaki ya wanadamu watamtafuta Bwana. Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu, na kati ya Edomu na Adamu tofauti ni ndogo kama inavyosikika. Vivyo hivyo kati ya kumiliki na kutafuta. Sisi tunaoitana binadamu tunaiona bila mwalimu: nukta ndogo ya usomaji ikageuza ushindi wa vita kuwa mlango uliofunguliwa.

Mwaka 70 majeshi ya Kirumi chini ya Tito yaliliteketeza hekalu la pili. Kuanzia hapo kila aliyesoma manabii alisoma akiwa na majivu machoni, Myahudi na Mkristo sawia. Mapokeo ya marabi yanasimulia kwamba Yohanani ben Zakai alipita karibu na magofu na mwanafunzi wake Yoshua, naye Yoshua akalia kwamba mahali pa kufutia dhambi za Israeli pameharibika. Mwalimu akamtuliza kwa kumtajia Hosea: tunayo njia nyingine iliyo sawa na hiyo, nayo ni matendo ya huruma. Injili ya Mathayo inamweka Yesu akiutumia mstari huohuo wa Hosea mara mbili. Jamaa mbili zilizokuwa zinaachana, kila moja imeshika kipande kilekile cha karatasi.

Malaki anaonekana tena muda si mrefu baadaye, katika kijitabu kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambacho wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza. Kilipotea kwa karne nyingi, hadi Philotheos Bryennios alipokiona mwaka 1873 katika maktaba moja ya Konstantinopoli, ndani ya mswada ulionakiliwa mwaka 1056. Kinawaagiza Wakristo wakutane siku ya Bwana, wamege mkate, waungame makosa yao, na yeyote aliyekosana na mwenzake asijiunge nao mpaka wapatane, ili sadaka yao isinajisike. Kisha kinamtaja Malaki. Hakuna hekalu, hakuna mnyama, lakini neno sadaka limebaki, na doa linaloiharibu halikai tena kwenye jicho la jogoo. Limehamia kwenye ugomvi wa majirani wawili.

Sura moja kabla ya hapo, Didake inasema malimbuko ya shinikizo la zabibu, ya uwanja wa kupuria, ya ng'ombe na kondoo, wapewe manabii wa kanisa, kwa kuwa hao ndio makuhani wakuu wenu. Na kama hamna nabii, wapeni maskini. Nilimsomea mzee wa kanisa kifungu hicho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hilo la maskini, mwandishi, liandike kwa herufi kubwa."

Baada ya Didake akaja Yustino, mzaliwa wa Neapoli ya Samaria, mji unaoitwa Nablus leo, aliyeuawa Roma karibu mwaka 165 kwa ajili ya imani yake. Aliandika mazungumzo marefu na Myahudi aitwaye Trifoni, mtu aliyekimbia vita vya Bar Kokhba, yaani maasi ya Wayahudi dhidi ya Warumi ya mwaka 132 hadi 135. Yustino anaishika aya ya Malaki kwa mikono miwili: sadaka safi ya kila mahali ni mkate na kikombe cha shukrani, na mataifa ni sisi. Kinachonivutia ni jibu la upande wa pili, ambalo yeye mwenyewe amelihifadhi. Wayahudi, anasema, wanaisoma aya hiyo kuhusu ndugu zao waliotawanyika ulimwenguni, ambao sala zao Mungu anaziita sadaka. Ni jibu zuri sana. Yustino analikataa, anasema Wayahudi hawajaenea kila mahali, wakati Wakristo wameenea hata kwa watu wanaoishi katika mahema na magari ya kukokotwa. Sioni kama hoja ya hesabu ya vichwa inamaliza kesi. Lakini pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana juu ya jambo moja kubwa bila kulitamka: sala inaweza kusimama pale aliposimama mnyama.

Si wote waliojadiliana kwa adabu hiyo. Waraka wa Barnaba, ambao si kazi ya Barnaba wa Agano Jipya, unachukua Isaya 1 na Yeremia 7 na kusema Wayahudi walikosea tangu mwanzo kuelewa sadaka, na kwamba walilitegemea jengo karibu sawa na wapagani. Hapa ndipo jirani alipotoka na maneno ya jikoni. Mwaka 386 na 387, huko Antiokia, Yohane Krisostomo alisimama mimbarani akawatumia manabii, hasa Danieli, kuthibitisha kwamba hekalu halitajengwa tena, kwa maneno makali dhidi ya Wayahudi ambayo watu waovu wa karne za baadaye waliyaokota. Alikuwa na sababu ya wasiwasi: mwaka 363 Kaisari Juliani, aliyeuacha Ukristo, alijaribu kulijenga upya hekalu, kazi ikakwama, naye akafa vitani mwaka huohuo. Sababu hiyo inaeleza maneno yake, haiyasafishi.

Nirudi kwenye zaka, kwa kuwa ndiyo iliyonileta huku. Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika karibu mwaka 180 kitabu kikubwa dhidi ya uzushi. Alipigana na mafundisho ya Marcion, aliyetaka Wakristo waitupe Biblia ya Kiebrania yote. Ireneo alijibu kwamba Mungu ni mmoja, na sadaka hazikukomeshwa, bali namna yake ndiyo iliyobadilika: zamani zilitolewa na watumwa, sasa zinatolewa na watu huru. Uvumba wa Malaki, anasema, ni sala za watakatifu, kama Ufunuo unavyosema. Na zaka? Wale wa kale, anasema Ireneo, walitenga sehemu ya kumi. Walio huru wanaweka mali yao yote kwa kazi za Bwana, kwa furaha, kama yule mjane maskini aliyetia senti zake mbili. Huko Karthago, katika Tunisia ya leo, Tertuliano akaongeza kwamba sadaka safi ni sala inayotoka katika dhamiri safi, na kwamba mfuko wa kanisa lao ulijazwa na watu kwa hiari, kila mtu akitoa alichoweza, ili kulisha maskini, kuzika wafu na kutunza yatima. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kanisa la mwanzo lilimsoma Malaki kama sisi tunavyomsoma, mwulize ni kanisa gani hilo.

Kuna nabii mmoja aliyewatoa jasho wafasiri hao wa kale: Ezekieli. Sura zake tisa za mwisho ni vipimo vya hekalu jipya, dhiraa kwa dhiraa, lango kwa lango. Yeronimo alizifananisha na njia za mzunguko ambazo mtu hupotelea ndani. Yeye na Ambrosi wa Milano waliuona katika lile lango la mashariki lililofungwa ubikira wa Maria. Wengine walikimbilia sura ya 47, mto unaotoka chini ya kizingiti cha hekalu na kuiponya bahari ya chumvi, wakaona ubatizo. Waraka wa Barnaba una mwangwi wake, na Wakatoliki bado huimba habari ya maji hayo wakinyunyiziwa wakati wa Pasaka. Sisi wa Singida tuna jicho lingine kwa sura hiyo. Mtu anayeishi kati ya Singidani na Kindai, maziwa ya magadi ambayo hayanyweki, anaelewa nabii anaota nini anapoona maji ya chumvi yakigeuka matamu na wavuvi wakianika nyavu. Anaelewa pia aya ya 11, ambayo wafasiri wa kale hawakuwa na haja nayo sana: madimbwi yake hayataponywa, yataachwa yatoe chumvi. Kuhani yule alijua kwamba chumvi nayo inahitajika.

Kwa miaka kama 250 Wakristo waliweza kusema, kama alivyosema mwandishi wa Kilatini Minucius Felix, kwamba hawana mahekalu wala madhabahu. Kisha mateso yakaisha. Karibu mwaka 315, huko Tiro, Eusebio wa Kaisaria alihutubia uzinduzi wa kanisa kubwa la mawe, akamwita askofu Paulino Zerubabeli mpya, kwa jina la kiongozi wa wajenzi wa hekalu la pili, na kuutumia unabii wa Hagai kuhusu utukufu wa nyumba ya mwisho kuupita ule wa kwanza. Hekalu lilikuwa limerudi: jengo, madhabahu, ubani, makuhani. Stefano angesema nini, sijui. Nadhani angeomba nafasi ya kuzungumza.

Maneno hayo yalipofika kwetu yalikuta Kiswahili kimejiandaa. Hekalu ni neno la Kisumeri lililomaanisha nyumba kubwa, likapita Kiakadi, Kiebrania na Kiarabu hadi pwani yetu. Sadaka, kurbani, kuhani, nabii, madhabahu, ubani: yote ni ndugu wa maneno ambayo Malaki mwenyewe angeyatambua kwa sikio. Watafsiri wa Biblia ya Unguja ya 1891, na wale wa Muungano wa 1952, hawakulazimika kuyabuni. Wamisionari Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, walioingia Iramba miaka ya 1920, na Wakatoliki, ambao jimbo lao la Singida liliundwa mwaka 1972, wote walihubiri kwa maneno hayo, kila mmoja kwa maana yake. Leo padri anaposali Sala ya Ekaristi ya tatu, aya ya Malaki imo ndani yake. Mlutheri wa mtaa uleule atakuambia sadaka ni maisha yako mwenyewe, akimtaja Paulo. Msabato atakufungulia Danieli 8 akueleze patakatifu pa mbinguni na mwaka 1844. Wote wanaishi Mandewa, na wakiugua wanakutana hospitali ileile ya rufaa.

Yule jogoo? Aliondoka kwa elfu kumi na tano. Mama aliyemnunua akamrudisha mezani anadiwe tena, kama ilivyo kawaida, akauzwa elfu kumi na mbili, akarudishwa, na mara ya tatu akachukuliwa na mfanyabiashara wa kuku wa sokoni ambaye hakuwa ameingia ibadani. Sadaka ya jogoo mmoja wa chongo ikawa elfu thelathini na saba.

Jumapili ukihubiriwa tena madirisha ya mbinguni, rudi nyumbani ufunue kurasa mbili nyuma, usome Malaki sura ya kwanza. Ina aya 14 tu.